Kabla ya kununua kamera ya video, tujiulize itatazamwa wapi

Siku hizi ni nadra kufanyika mhadhara, harusi au mahafali bila ya kuwepo mtu anayerekodi ili apeleke kwenye intaneti. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukifika dukani, swali letu la kwanza huwa ni ukubwa wa picha. Muuzaji akisema, "Hii ni 4K," tunatoa pesa. Swali lililopaswa kutangulia ni hili: kazi hiyo itatazamwa wapi, na je, baada ya miaka ishirini itafunguka?

Tuanze na gharama. Watazamaji wengi wataangalia kwenye simu, kwa bando walilolinunua wenyewe, na anayepeleka naye analipia bando lake. YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, inashauri video ya mistari 1080 ipelekwe kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, na ya mistari 720 kwa megabiti 5. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo dakika 10 za mistari 1080 ni megabaiti 600, na za mistari 720 ni megabaiti 375. Kwa 4K ushauri huanzia megabiti 35, yaani dakika 10 hizo hizo zinapita gigabaiti mbili na nusu. Kwa mtu mmoja aliyeketi akizungumza, 4K inaongeza nini kwenye skrini ya kiganjani?

La pili ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini maneno yasiposikika anaondoka. Maiki iliyomo ndani ya kamera, ikiwa mbali na mzungumzaji, huokota feni, mwangwi wa ukumbi na honi za barabarani. Basi tazama kama kamera ina tundu la maiki ya nje na la hedifoni. Kamera nafuu yenye matundu hayo, pamoja na maiki ndogo ya kubana kifuani, itakufaa kuliko ya bei kubwa isiyokuwa nayo.

La tatu ni muda. Kamera nyingi za picha za kawaida ambazo pia hurekodi video, hasa za miaka iliyopita, hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59. Sababu mojawapo ilikuwa ushuru: Ulaya ilitoza zaidi kamera inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi mfululizo. Anayenunua kamera iliyotumika aulize hili, la sivyo mhadhara wa saa nzima utakatika katikati. Vilevile umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani, ambako ni 60, inaweza kuonesha taa zikipepesa. Dawa yake ni kuweka kasi ya shata 1/50 au 1/100.

La nne ni mfumo wa kurekodi, na hapa ndipo watu huchanganya. MP4 ni mfano wa gunia, na H.264, iliyotoka mwaka 2003, ni namna ya kupanga mzigo ndani yake. Gunia hilo lenye mzigo huo hufunguka karibu kila simu na kompyuta. AVCHD, iliyoletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, hutumia H.264 hiyo hiyo katika gunia jingine. Si mbaya, ila mara nyingi hurekodi kwa mtindo wa 50i, ambapo picha hugawanywa mistari nusu kwa nusu na kitu kinachotembea huonekana kama meno ya kitana kwenye kompyuta. Kamera ikikupa hiari, chagua MP4 na 25p au 50p.

Kwa kasi ya megabiti 24, saa moja hula gigabaiti 10.8. Kadi ya gigabaiti 32 haifikishi saa tatu, basi nenda na kadi ya akiba.

La mwisho ndilo zito. Majumbani mwetu zimo kaseti za VHS na MiniDV zenye sauti za wazazi waliokwishatangulia. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016. Kaseti inaweza kuwa nzima, lakini cha kuichezea kinatoweka mwaka hadi mwaka. Mwenye nazo azihamishie kwenye kompyuta sasa, maadamu fundi mwenye deki bado anapatikana. Na anayerekodi leo asiridhike kwa kuwa kazi ipo YouTube: kilichopo huko kimebanwa upya, na akaunti inaweza kufungwa. Faili la asili likae sehemu mbili tofauti, likiwa na jina na tarehe, ili wajukuu wasirithi makasha yasiyosema.