Hewa Nzito Isiyoonekana

Umekwisha kujifunza kuwa hewa ni mchanganyiko wa gesi mbalimbali. Mojawapo ya gesi hizo ni kabonidayoksaidi. Katika kila sehemu 10,000 za hewa, gesi hii ni kiasi cha sehemu 4 tu. Imeundwa kwa kaboni na oksijeni, nayo huandikwa kwa kifupi CO₂. Haina rangi wala harufu. Je, tutaitambuaje?

Jaribio

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako.

Vitu vinavyotakiwa: jagi, kikombe, kipande kifupi cha mshumaa, ndimu nne, na magadi yaliyosagwa, kama yale yatumiwayo Kondoa kupikia mlenda.

1. Simamisha mshumaa ndani ya kikombe, kisha uwashe.
2. Tia vijiko viwili vidogo vya magadi ndani ya jagi. Kamulia ndimu zote humo. Mapovu mengi yatatokea. Ngoja yapungue.
3. Inamisha jagi polepole juu ya kikombe kana kwamba unamimina maji, lakini usiache hata tone moja lidondoke.

Umeona nini? Mshumaa umezimika, ingawa hukuona kitu kikimiminika.

Jaribio hili linatufundisha mambo mawili. Kwanza, kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, kiasi cha mara moja na nusu. Ndiyo maana ilibaki ndani ya jagi, kisha ikashuka kikombeni. Pili, moto wa mshumaa hauwezi kuwaka ndani yake.

Matumizi

Kwa sababu hizo mbili, gesi hii hutiwa katika mitungi ya kuzimia moto. Mapovu ya soda ni gesi hiyo hiyo, na ndiyo inayoumua mandazi. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, hutoka ardhini, nayo hukusanywa kwa matumizi ya viwandani.

Mimea nayo huihitaji ili kutengeneza chakula chake. Mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianzishwa. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika vilima vya Kondoa vilivyomomonyoka, na majani na miti vikaota tena. Kaboni iliyomo katika mashina ya miti hiyo ilitoka hewani.

Hatari

Gesi nzito hukaa mahali pa chini. Karibu na mji wa Goma, mashariki ya Kongo, kabonidayoksaidi hutoka katika ardhi ya volkano na kujikusanya mabondeni. Wenyeji huiita mazuku. Watu na wanyama wamekufa humo.

Hata pasipo na volkano, kisima kirefu kilichoachwa chaweza kujaa gesi hii. Majani yanayooza huitoa, na upepo haufiki chini kuiondoa. Mtu akishuka humo huzimia upesi. Anayemfuata ili kumwokoa huzimia vilevile.

Kwa hiyo, usishuke kisimani kamwe. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Piga kelele, uwaite watu wazima, nawe uwaeleze hatari hiyo.

Maswali

1. Kwa nini gesi ilibaki ndani ya jagi lisilofunikwa?
2. Fundi wa visima aliteremsha taa kisimani kwa kamba, ikazimika. Eleza kwa nini hakushuka.
3. Taja matumizi matatu ya kabonidayoksaidi.