Mwongozo wa Kutafuta Spea za Klachi za Land Rover za Zamani
Kwa mafundi, madereva, watunza stoo na wenye magari wa Handeni na Korogwe

1. Lengo la mwongozo

Land Rover zilianza kutoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1948. Series II ilikuja mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III mwaka 1971 hadi 1985. Gari tulilozoea kuliita 110 lilitoka mwaka 1983, na jina Defender likaanza kutumika mwaka 1990. Kwa hiyo Series ya 109 inayopanda Vugiri au Bungu na abiria, au inayobeba vibarua kwenye shamba la mkonge, ina umri wa miaka arobaini na zaidi, na imeshapita kwenye mikono ya mafundi wengi.

Ndiyo sababu mwongozo huu una kanuni moja kubwa: gari la umri huu haliagiziwi spea kwa jina lake wala kwa kadi yake, linaagiziwa kwa vipimo vya kilichomo ndani. Kadi inaweza kusema Series III wakati injini ni 200Tdi, giaboksi ni ya gari jingine, na flaiwili ilibadilishwa na mwenye gari wa tatu aliyetangulia. Anayetuma hela Dar es Salaam kwa maneno “klachi ya 109” huletewa klachi pleti isiyoingia, na gari hubaki juu ya mawe wiki nzima.

2. Hakikisha kwanza kwamba ugonjwa ni wa klachi

Kushusha giaboksi ya Land Rover ni kazi nzito. Kwenye Series huondolewa viti na sakafu, kisha giaboksi na transfa, ambazo kwa pamoja ni nzito sana, hutolewa kupitia ndani ya kabini. Usianze kazi hiyo kabla ya ukaguzi ufuatao.

Gia zikiwa ngumu kuingia, anza na mfumo wa mafuta. Angalia kopo la mafuta ya klachi, tafuta uvujaji chini ya pedali, kisha kagua masta ya chini pale inapofungwa. Pampu pedali mara kadhaa kwa haraka. Gia ikiingia vizuri baada ya kupampu, shaka kubwa iko kwenye masta ya juu, masta ya chini au upepo ndani ya bomba. Badilisha raba au masta, toa upepo, ujaribu tena. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 peke yake. Oili ya injini na haidroliki ya trekta huvimbisha raba na kuua masta mpya mara moja.

Injini ikipandisha sauti mlimani bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Ipime hivi: egesha mahali tambarare, weka vizuizi magurudumuni, kanyaga breki ya mguu, ingiza gia ya tatu, kisha achia klachi polepole. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, imekwisha. Usitegemee breki ya mkono kwa kipimo hiki, kwa sababu kwenye Land Rover haishiki magurudumu bali hushika shafti ya nyuma.

Mwisho, angalia tundu dogo chini ya hauzingi ya klachi, lile linalozibwa kwa boliti gari likivuka maji. Oili ikidondoka hapo, nusa na ulinganishe. Oili ya injini inaonyesha sili ya nyuma ya krenki imekufa. Oili ya gia inaonyesha sili ya mbele ya giaboksi. Klachi pleti mpya ikifungwa bila kuziba uvujaji huo italowa, na kazi yote itarudiwa.

3. Tambua gari ulilonalo

Andika namba ya chesisi kutoka kwenye fremu yenyewe. Kwenye Series III tafuta upande wa kulia mbele, karibu na shikio la springi. Andika namba ya injini kutoka kwenye bloku. Linganisha zote na kadi. Zikitofautiana, fuata chuma, na umweleze mwenye gari ashughulikie kumbukumbu zake TRA.

Kwa jumla, Series II na IIA nyingi zilitoka na klachi ya inchi 9, yaani milimita 229 hivi, yenye presha pleti ya springi za kuzunguka na vidole vitatu vya kusukumia. Series III, na baadhi ya IIA za mwishoni, zina klachi ya inchi 9.5, yaani milimita 241 hivi, yenye presha pleti ya springi bapa yenye vidole vingi. Aina hizi mbili hazichanganywi: presha pleti lazima iendane na flaiwili iliyopo.

Mfumo wa kusukumia nao unatofautiana. Kwenye IIA msukumo wa masta ya chini hupita kwenye shafti ya pembeni kabla ya kufika kwenye beringi. Kwenye Series III masta ya chini husukuma foki moja kwa moja.

4. Fungua, pima, andika

Giaboksi ikishashuka, usitupe kitu chochote. Safisha vipande kwa kitambaa chenye maji na usipulize vumbi kwa kompresa: laini za klachi pleti za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Kisha jaza daftari:

• Upana wa klachi pleti ukingo hadi ukingo, kwa milimita.
• Idadi ya meno katikati ya pleti, na upana wa tundu lake.
• Aina ya presha pleti: vidole vitatu au vingi.
• Umbali kati ya matundu ya boliti kwenye flaiwili.
• Upana wa ndani, upana wa nje na kimo cha rilizi beringi.
• Namba zozote zilizogongwa kwenye chuma.

Piga picha kila kipande kikiwa kimelazwa kando ya rula, mbele na nyuma. Picha hizo ndizo zitakazozungumza na muuzaji aliye mbali.

5. Nunua vya pamoja

Nguvu na muda mwingi huishia kwenye kushusha na kupandisha giaboksi. Kwa hiyo, ukishafika ndani, badilisha kwa pamoja klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi, bushi ndogo iliyoko mwisho wa krenki, na sili zilizovuja. Kagua uso wa flaiwili; ukiwa na nyufa au mabaka ya buluu, upelekwe kwa fundi wa mashine ya kukerezea kabla ya kufunga.

Kwa 110 na Defender, kagua foki kwa makini. Foki ya bati hutoboka pale inapokaa juu ya pini yake, na dereva hupoteza klachi ghafla akiwa njiani. Nunua foki iliyoimarishwa, au fundi mzuri wa kuchomelea aongeze kipande cha chuma mahali hapo kabla haijatoboka.

Fedha zikiwa chache, laini mpya zinaweza kupigwa ribiti kwenye pleti ya zamani, mradi meno ya katikati hayajalika na springi zake hazichezi. Laini ya kubandikwa kwa gundi bila ribiti isikubaliwe kwenye gari linalobeba watu mlimani.

6. Mahali pa kutafuta

Anza karibu. Stoo za mashamba ya mkonge na chai, misheni, na wenye Land Rover zilizosimama mara nyingi huwa na presha pleti, foki au flaiwili nzima. Chukua daftari lako, upime kabla ya kununua, na mwenye mali akuandikie hati ya mauziano.

Maduka ya miji yetu huweka zaidi spea zinazotoka haraka, za bodaboda na magari ya Kijapani. Ukikosa, uliza Tanga mjini, kisha Arusha. Kampuni za utalii za Arusha zimetumia Land Rover kwa miongo mingi, na tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 lilionyesha wingi wa magari hayo na mafundi wake. Dar es Salaam tafuta Kariakoo, Gerezani na Shaurimoyo. Ng'ambo ya mpaka kuna Mombasa, na Kirinyaga Road jijini Nairobi; mzigo wa biashara unaopita Horohoro, Holili au Namanga utangazwe forodhani.

Spea inayoagizwa Uingereza ifanyiwe hesabu nzima kabla ya kulipia: bei, usafiri, bima, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa pleti moja gharama inaweza kuzidi thamani yake. Wenye magari watatu au wanne wakiagiza pamoja, mzigo huwa mwepesi kwa kila mmoja.

7. Ukaguzi kabla ya malipo

Mwombe muuzaji namba ya spea, siyo jina tu. Namba za zamani ni tarakimu tupu. Za baadaye zina herufi mbele. FTC4204, kwa mfano, ni klachi pleti ya injini ya 300Tdi. Muulize pia kama namba yako imeshabadilishwa na mpya.

Aweke kipande kando ya rula apige picha, pamoja na boksi lake. Jina kama Borg & Beck, AP, Valeo au LuK likiwa kwenye boksi lakini halipo kwenye chuma, uliza zaidi. Dai risiti ya EFD, na mkubaliane kwa maandishi kwamba kisichoingia kitarudishwa. Anayeuza bidhaa bandia aripotiwe Tume ya Ushindani (FCC).

8. Usafirishaji

Korogwe iko kwenye barabara kuu ya Arusha na Dar es Salaam, hivyo vifurushi vya basi hufika kwa urahisi. Handeni hupokea kupitia Mkata, kilomita 54, au Korogwe, kilomita 65. Andika jina la basi, namba ya gari, simu ya kondakta na namba ya risiti ya mzigo. Fungua boksi palepale stendi, pima kwa daftari lako, ndipo usaini.

9. Kufunga na kuweka kumbukumbu

Linganisha kipya na cha zamani, vikiwa vimelazwa pamoja, kabla ya kukaza boliti yoyote. Hakikisha upande wa pleti unaotazama flaiwili ni sahihi, uiweke katikati kwa shafti ya zamani ya giaboksi, na ukaze presha pleti kidogo kidogo kwa kupishana. Mikono yenye grisi isiguse laini.

Kazi ikiisha, andika vipimo vyote, namba za spea, duka na tarehe. Nakala moja ikae gereji na nyingine ndani ya gari. Fundi atakayelifungua tena, hata akiwa mwingine kabisa, ataagiza spea siku hiyohiyo bila kubahatisha, na mwenye gari hatalipia kosa ambalo tayari lilikuwa na jibu.