Kufundisha kwa Vikundi: Jinsi Kazi Inavyokua na Jinsi Inavyoharibika

Ukipita katika mitaa mingi ya Jiji la Arusha saa kumi na moja jioni, utasikia watoto wakijibu hesabu kwa sauti moja katika vibaraza na vyumba vya kupanga. Haya ni masomo ya ziada, ambayo watu huyaita tuisheni. Vijana wengi waliomaliza vyuo vya ualimu na kukosa ajira hujipatia riziki kwa kazi hii. Mmoja wao ni kaka yangu, ambaye hufundisha Hesabu nyumbani kwetu katika kata ya Sokon I. Mimi humsaidia wakati wa likizo.

Katika makala haya nataka kueleza namna ya kuendesha darasa la kikundi, na namna ya kuikuza kazi hiyo bila kumdhulumu anayefundishwa. Sisi wa Kidato cha Nne tutamaliza mwaka huu, na huenda baadhi yetu tukaianza kazi kama hii tukingojea matokeo. Yafaa tujue mapema mahali penye shimo.

1. Kwa nini kikundi?

Kaka alipoanza alimfundisha mwanafunzi mmoja mmoja. Alikuwa na watatu. Kila mmoja alimfundisha saa mbili kwa wiki, na kila mzazi alilipa shilingi 30,000 kwa mwezi. Basi kwa mwezi alifundisha saa 24 na kupata shilingi 90,000, yaani shilingi 3,750 kwa saa, bila kuhesabu muda wa kutembea kutoka nyumba hadi nyumba.

Halafu akawakusanya wanafunzi sita pamoja. Walikutana mara mbili kwa wiki, kila mara saa moja na nusu, na kila mmoja alilipa shilingi 15,000. Mapato yalikuwa yale yale, shilingi 90,000, lakini kwa saa 12 tu. Mwalimu alipata shilingi 7,500 kwa saa, na mzazi alilipa nusu ya alichokuwa akilipa zamani. Hapo pande mbili zote zimefaidika.

Iko faida nyingine isiyohesabika kwa fedha. Mwanafunzi aliye peke yake na mwalimu huona haya kusema hajui. Akimwona mwenzake naye amekwama pale pale, hupata moyo wa kuuliza.

2. Kikundi kiwe na watu wangapi?

Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kuwa mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake, akisahihishwa mpaka aelewe, aliwashinda wanafunzi 98 katika kila 100 waliofundishwa katika darasa la kawaida. Watafiti waliomfuata waliona kuwa faida hiyo si kubwa kiasi hicho, lakini ipo. Bloom mwenyewe alijua kuwa hakuna nchi iwezayo kumpa kila mtoto mwalimu wake. Kwa hiyo akauliza: ni njia gani ya kufundisha watu wengi pamoja itakayokaribia faida ya kumfundisha mmoja?

Jibu moja limo katika swali lenyewe. Mwalimu wa mtu mmoja huliona kosa la mwanafunzi saa ile ile linapotendeka. Basi kikundi kisizidi idadi ambayo mwalimu aweza kuona kosa la kila mmoja kabla hawajaondoka. Kwa kaka yangu idadi hiyo ni sita. Mwingine aweza wanane, lakini asijidanganye.

3. Saa moja na nusu igawanywe hivi

Dakika 10 za kwanza ni za kukumbuka. Madaftari yafungwe, na kila mmoja aeleze jambo moja la kipindi kilichopita.

Dakika 15 ni za mwalimu. Afundishe jambo moja tu. Akifundisha matatu, hakuna litakalobaki.

Dakika 30 ni za wawili wawili. Mmoja amweleze mwenzake, kisha wabadilishane. Anayeeleza hufaidika hata kuliko anayesikiliza, maana huwezi kueleza usichokielewa. Mwalimu azunguke, asikilize, wala asiharakishe kutoa jibu.

Dakika 20 ni za kila mtu peke yake. Atoe hesabu moja au mbili bila kutazama ubao wala daftari la jirani.

Dakika 15 za mwisho ni za makosa. Yachukuliwe makosa yaliyotokea, bila kutaja majina, na kikundi kitafute yametoka wapi.

Nitatoa mfano mmoja. Waulize wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, 1/2 + 1/3 ni ngapi? Wako watakaojibu 2/5, kwa sababu wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Mwalimu mwenye haraka atasema, "Si kweli, jibu ni 5/6," na wote wataandika 5/6. Mwalimu mzuri atauliza, "Ukiwa na nusu ya chapati, nikakuongeza theluthi, je, chapati yako imezidi au imepungua?" Watasema imezidi. "Na 2/5 ni zaidi ya nusu au pungufu?" Hapo watanyamaza, kisha mmoja atacheka, maana ameona kuwa ameongezewa chapati ikapungua. Hatalirudia kosa hilo upesi.

4. Kosa letu

Sasa nitaeleza jambo ambalo si la kujisifu. Habari za darasa la kaka zilienea, wazazi wakaja, naye hakumkataa hata mmoja. Likizo ya Juni mwaka jana darasa lile moja lilikuwa na wanafunzi 24. Hesabu ya karatasi ilikuwa tamu: 24 mara 15,000 ni shilingi 360,000, kwa saa zile zile 12.

Lakini dakika 30 za wawili wawili zilikufa, kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi. Dakika za kila mtu peke yake nazo zikafa, kwa kuwa nafasi haikutosha, na kila mmoja aliona daftari la jirani yake. Ikabaki mwalimu kusimama ubaoni na kuuliza, "Mmeelewa?" nao kujibu wote, "Ndiyo, Mwalimu!" Mimi nilipewa kalamu nyekundu nisahihishe. Kwa kuwa madaftari yalikuwa mengi, nilitazama jibu la mwisho tu. Likilingana na la ubaoni, niliweka vema.

Januari mwaka huu, matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili yalipotoka, mama mmoja auzaye mboga alikuja kwetu pamoja na binti yake. Kaka alimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu," akaketi, akafungua daftari juu ya magoti yake.

"Sikuja kugombana," alisema. "Mimi sikusoma sana, lakini vema naijua. Humu zimejaa vema. Mbona mtoto amepata F?"

Kaka hakujibu. Alimpa yule binti kipande cha karatasi, akamwomba ajumlishe 1/2 na 1/3. Binti aliandika 2/5. Katika daftari lake hesabu ile ile ilikuwa na jibu la 5/6, na pembeni yake palikuwa na vema nyekundu. Niliitambua. Niliiweka mimi.

Kaka alirudisha ada ya miezi sita, shilingi 90,000. Mama alizipokea, akasema, "Fedha nimezipata, mwalimu. Mwaka wa mtoto hauna wa kuurudisha." Hakusema zaidi, lakini habari hazikai mahali pamoja. Mwezi wa Februari ulipokwisha, katika wanafunzi 24 walikuwa wamebaki tisa.

5. Funzo la mwaka 1973

Babu yetu aliposikia yaliyotupata, alitukumbusha kampeni ya Mtu ni Afya. Wanafunzi wengi wa leo hawaijui, basi nitaieleza kidogo.

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilitaka wananchi wa vijijini wajifunze kujikinga na maradhi kama malaria, kichocho na kuhara. Waalimu na waganga hawakutosha. Kwa hiyo watu waliunda vikundi, na kwa wiki 12 kila kikundi kilikutana kusikiliza kipindi cha redio, kusomewa kitabu, kujadiliana na kukata shauri watatenda nini. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kabla ya kazi kuanza. Vyoo vingi vilichimbwa, na vichaka karibu na nyumba vilifyekwa.

Gawa milioni 2 kwa 75,000: utapata watu wasiofika 27 kwa kila kiongozi. Hawakuwakusanya watu elfu uwanjani ili wahutubiwe na mtu mmoja. Walipotaka kuwafikia wengi, waliongeza viongozi, wala hawakunenepesha vikundi. Fauka ya hayo, kiongozi hakuhitaji kuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mtu amesikia, amesema na ametenda.

Babu, ambaye alikuwa katika kikundi kimojawapo, alisema, "Hatukuulizwa kama tumeelewa. Walikuja kutazama kama choo kimechimbwa."

6. Namna tulivyoanza upya

Kaka aliwagawa wale tisa katika vikundi viwili, cha watano na cha wanne. Walipoongezeka tena, hakuzidisha sita. Alimtafuta rafiki yake, mwalimu asiye na ajira kama yeye. Mwezi wa kwanza rafiki huyo alikaa nyuma akitazama. Mwezi wa pili alifundisha yeye, na kaka akakaa nyuma. Ndipo akapewa vikundi viwili vyake.

Leo viko vikundi vinne vya wanafunzi sita sita. Mapato ni shilingi 360,000 kwa mwezi, sawa na yale ya darasa kubwa, lakini matumizi yameongezeka. Mwalimu wa pili hulipwa shilingi 60,000 kwa kila kikundi, yaani 120,000. Kodi ya chumba ni 40,000, maana kibaraza hakifai wakati wa masika. Chaki na karatasi za mazoezi ni 10,000. Kaka hubakiwa na shilingi 190,000. Ni pungufu ya alizopata mwaka jana, lakini ni zaidi ya mara mbili ya alizoanza nazo, na hakuna mzazi aliyemwondoa mtoto tangu Aprili.

Sheria zetu ni chache. Kwanza, mwanafunzi mpya hupewa jaribio kabla ya kupokewa, ili awekwe na wanaolingana naye. Pili, kila mwisho wa mwezi mzazi hupewa karatasi ambayo mtoto ameifanya peke yake, pamoja na makosa yake. Tatu, mlango wa chumba hukaa wazi, mzazi yeyote aweza kuingia, na kipindi humalizika kabla ya giza ili wasichana wafike kwao salama. Nne, fedha zote huandikwa katika daftari, na mzazi hupewa stakabadhi. Tano, vikundi vikijaa, anayekuja huambiwa angoje. Hii ya tano ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu fedha huwa ziko mkononi mwa anayekuja.

Yule binti alirudi mwezi wa Aprili. Mama yake alikuja kwanza peke yake, akakaa nyuma kipindi kizima, kisha akasema atamleta. Nilipokuwa likizo mwezi wa Juni nilisahihisha daftari lake tena. Lilikuwa na vema chache na makosa mengi, na kando ya kila kosa alikuwa ameandika kwa mkono wake lilitoka wapi. Nililisoma mstari kwa mstari, na ilinichukua muda mrefu.

7. Mwisho

Ndugu wasomaji, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikijaa, usishindilie. Kazi ya kufundisha hukua kwa sababu mzazi mmoja humwambia mwenzake, na kitu cha pekee anachoweza kumwambia ni kuwa mtoto wake sasa anaelewa. Anayetaka kupata wengi na ajifunze kwanza kuwatosha wachache, kisha amfunze mwenzake kufanya hivyo hivyo.

Maswali ya kujipima

(a) Mwalimu ana vikundi vitatu vya wanafunzi sita, na kila mwanafunzi hulipa shilingi 15,000 kwa mwezi. Akimlipa mwenzake shilingi 60,000 kwa kikundi kimoja, na kodi na vifaa vikiwa shilingi 50,000, atabakiwa na kiasi gani?

(b) Bila kukokotoa, eleza kwa nini 1/2 + 1/3 haiwezi kuwa 2/5.

(c) Fungua daftari lako la Hesabu. Chagua hesabu tatu zenye vema, ufunike majibu, uzifanye tena. Ni ngapi zilizokuwa zako kweli?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne