Injini ya Datsun ya Baba: Niijenge Upya au Nifunge Kubwa Zaidi?

*Marehemu baba aliniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972. Nikitoka Nyakanazi kupanda Ngara inatoa moshi wa buluu na kukosa nguvu. Marafiki wananishauri nifunge injini ya lita 2.8. Nifanyeje?*
*Msomaji, Ngara*

Unaogopa kupoteza pesa, na pia kuharibu kumbukumbu ya mzee. Hujafika huko. Gari aina hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1971, kisha 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Si chuma cha kukata tamaa nacho upesi.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Usifungue kitu bado. Injini ikiwa ya moto, pima kompresheni ya silinda zote sita. Iliyo dhaifu, itie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena: ikipanda, ringi zimelika; isipopanda, kagua valvu na gasketi ya hedi. Silinda zote zikiwa nzima, huenda ni sili za valvu tu, kazi ndogo. Moshi mweusi ni habari nyingine: kabureta inatoa petroli nyingi kuliko inayohitajika katika hewa nyepesi ya milimani.

Ile injini ya lita 2.8 ni ya ukoo uleule na yako na inakaa vizuri, ila mimi ningeanza na breki. Mteremko wa kwenda Rusumo haujali nguvu za farasi.

Ukisikia kugonga chini ya injini, au presha ya oili ikishuka, zima, uivute hadi kwa fundi. Na ukiamua kuijenga upya, silinda zisichongwe kabla pistoni mpya hazijafika mkononi mwako.