Tiba ya Mazungumzo Inayousikiliza Mwili: Haki za Mteja

Wananchi wengi wa Mbeya na Iringa hawafiki kituo cha afya wakisema wana huzuni. Husema kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto au usingizi umepotea. Wakiulizwa chanzo, hutaja neno moja: mawazo. Kwa watu wa namna hii, tiba ya mazungumzo inayouhusisha mwili yaweza kufaa, mradi mteja ajue anacholipia.

Mtaalamu wa njia hii hukusikiliza unaposimulia, kisha huuliza: unalisikia wapi jambo hilo mwilini? Huenda akakuomba ukanyage sakafu kwa miguu yote miwili na kutoa pumzi polepole. Sababu yake inaeleweka. Hofu huharakisha mapigo ya moyo na kukaza misuli. Pumzi ndefu ya kutoka husaidia kuyatuliza. Nchini Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mwaka 1979 mafunzo ya aina hiyo ya wiki 8 kwa wagonjwa, wakiwemo wenye maumivu sugu. Nasi hatukuwa watupu: mwaka 1971 mwanaanthropolojia Robert Edgerton alichapisha makala kuhusu mganga wa Kihehe aliyetibu maradhi ya akili kwa dawa za miti.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni vipimo. Moyo kwenda mbio si mawazo siku zote. Yaweza kuwa upungufu wa damu, ugonjwa wa moyo, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambayo huleta jasho, mtetemeko na wasiwasi unaofanana kabisa na hofu. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanaikumbuka rovu iliyoenea kabla ya chumvi yenye madini joto kupatikana kwa wingi. Uvimbe wa shingo usipuuzwe hata leo. Mshauri mwaminifu atakuuliza kama umekwisha kupimwa. Anayekuambia uache dawa za shinikizo la damu, kisukari au kifafa kwa sababu mwili utajiponya, mwache yeye, si dawa.

Pili ni kuguswa. Tiba hii hufanyika ukiwa umeketi, umevaa nguo zako, bila kuguswa. Akitaka kukushika hata bega, sharti aeleze sababu na kungoja ridhaa yako, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa katikati ya kikao. Kuvua nguo si sehemu ya tiba ya mazungumzo. Ukilazimishwa, ondoka na utoe taarifa katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Maneno "mshauri nasaha" mlangoni hayathibitishi elimu ya mtu. Omba kuona cheti, uulize alisomea wapi na nani anasimamia kazi yake. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari, muuguzi na Baraza la Wauguzi na Wakunga. Mganga wa tiba asili naye ana Baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Ulizia pia bei ya kikao kimoja, dai risiti, wala usilipe vikao kumi kabla ya kuona cha kwanza. Siri zako zitunzwe, isipokuwa pale uhai wako au wa mwingine unapokuwa hatarini. Mpaka huo uelezwe mapema.

Si lazima usafiri hadi Mirembe, Dodoma, kutafuta msaada. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, uombe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Mwenye mawazo ya kujiua asingoje siku ya kikao: apelekwe kituoni siku hiyohiyo, akiwa na mtu wa kumsindikiza.