Kuzipa Majina Kampaundi za Kaboni: Jifunze na Ujisahihishe Mwenyewe

Malengo ya somo

Ukimaliza sehemu hii uweze:
(a) kutaja jina la IUPAC la alkani, alkeni, alkaini, alkoholi na asidi ya kaboksili;
(b) kuchora muundo kutokana na jina;
(c) kugundua kosa lako mwenyewe hata kama hakuna mwalimu wa kukusahihishia.

Utangulizi

Methanoli na ethanoli ni vimiminika viwili visivyo na rangi. Ukiviweka mezani huwezi kuvitofautisha kwa macho. Ethanoli ndiyo kilevi kilichomo kwenye bia na mvinyo. Methanoli ni sumu. Hata kiasi kidogo chaweza kumpofusha mtu au kumwua. Majina yake yanatofautiana mwanzo tu. Tazama pia ethani, etheni na ethaini: etheni huivisha ndizi, na ethaini ni gesi wanayoitumia mafundi kuchomelea chuma. Irabu ikikosewa, umetaja kitu kingine kabisa. Kwa hiyo mtahini anapokunyima alama kwa sababu ya herufi moja, hakuonei.

Zamani kampaundi nyingi zilipewa majina kwa mahali zilipopatikana. Asidi ya fomiki, kwa mfano, iliitwa hivyo kwa sababu ilitokana na siafu na chungu, ambao kwa Kilatini ni formica. Kampaundi zilipokuwa nyingi utaratibu huo ulishindikana. Mwaka 1892 wanakemia walikutana Geneva, Uswisi, kukubaliana kanuni za pamoja. Tangu 1919 kazi hiyo inasimamiwa na umoja wa kimataifa wa wanakemia unaojulikana kwa kifupi kama IUPAC.

Jina lina viambishi

Watahiniwa wengi hukariri majina kama orodha ya wafalme. Usifanye hivyo. Jina la kampaundi limejengwa kama kitenzi cha Kiswahili: lina mzizi, kiambishi awali na kiambishi tamati.

*Mzizi* hutaja idadi ya kaboni kwenye mnyororo mkuu: 1 meth-, 2 eth-, 3 prop-, 4 but-, 5 pent-, 6 heks-, 7 hept-, 8 okt-, 9 non-, 10 dek-. Hii kumi tu ndiyo ya kukariri.

*Kiambishi tamati* hutaja familia: -ani ni alkani, -eni ni alkeni, -aini ni alkaini, -oli ni alkoholi, -oiki ni asidi ya kaboksili.

*Kiambishi awali* hutaja matawi na mahali yalipo: methili ni CH₃, ethili ni C₂H₅, kloro ni Cl, bromo ni Br.

Angalizo: Kwenye karatasi ya mtihani tumia tahajia ya Kiingereza. Tamati -ani huandikwa -ane, -eni huandikwa -ene, -aini huandikwa -yne, -oli huandikwa -ol, -oiki huandikwa -oic, na -ili ya tawi huandikwa -yl. Heks- huwa hex-, okt- huwa oct-, dek- huwa dec-, na kloro huwa chloro. Kwa hiyo 2-methilibutani utaandika 2-methylbutane.

Hatua nne za kutaja jina

1. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote. Kama kuna bondi maradufu, bondi utatu, OH au COOH, mnyororo lazima upite hapo.
2. Hesabu kaboni kuanzia upande unaoipa bondi hiyo au kundi hilo tendaji namba ndogo. Kaboni ya COOH siku zote ni namba 1. Kama hakuna kati ya hivyo, anzia upande ulio karibu na tawi.
3. Taja matawi kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiingereza. Tawi likijirudia tumia di-, tri- au tetra-. Viambishi hivi havihesabiwi kwenye alfabeti.
4. Unganisha: namba na namba hutengwa kwa mkato, namba na neno hutengwa kwa kistari.

Mfano wa 1. CH₃–CH(C₂H₅)–CH₃

Hili ndilo kosa ninalolikuta kwenye daftari nyingi: mwanafunzi anaona kaboni tatu zimepangwa mstari mmoja, anaandika 2-ethilipropani. Mnyororo haulazimiki kunyooka. Anzia CH₃, pita CH, kisha ingia kwenye C₂H₅: kaboni nne. Kilichobaki ni CH₃ moja kwenye kaboni ya pili. *Jibu: 2-methilibutani.*

Mfano wa 2. CH₃–CH₂–CH(CH₃)–CH=CH₂

Mnyororo una kaboni tano. Ukihesabu kutoka kushoto bondi maradufu inaanzia kaboni ya 4; ukihesabu kutoka kulia inaanzia kaboni ya 1. Chagua kulia. Tawi liko kaboni ya 3. *Jibu: 3-methilipent-1-eni.*

Mfano wa 3. CH₃–CH(CH₃)–CH₂–CH₂–OH

Tawi liko karibu na kushoto, lakini OH ndiyo yenye haki ya namba ndogo. *Jibu: 3-methilibutan-1-oli.* Aliyeandika 2-methilibutan-4-oli amelitanguliza tawi.

Mfano wa 4. CH₃–C(CH₃)₂–CH₂–CH(CH₃)–CH₃

Kutoka kushoto matawi yako 2, 2 na 4. Kutoka kulia yako 2, 4 na 4. Linganisha namba moja moja: ya kwanza ni 2 pande zote, ya pili ni 2 dhidi ya 4. Kushoto kunashinda. *Jibu: 2,2,4-trimethilipentani.* Katika kipimo cha oktani cha petroli, kampaundi hii ndiyo iliyopewa namba 100.

Kujisahihisha bila mwalimu

Anayejisomea peke yake hukosa kitu kimoja kikubwa: mtu wa kumwambia “hapa umekosea.” Majibu ya nyuma ya kitabu hayatoshi, maana chumba cha mtihani hakina majibu ya nyuma. Lakini kwenye mada hii jina na muundo vinaweza kukaguana.

*Kwanza, rudi nyuma.* Funika muundo wa swali. Uchore upya ukitumia jina ulilolitoa tu, kisha hesabu kaboni na haidrojeni. Zisipolingana na za swali, kuna tawi ulilolisahau au ulilolizidisha. Fomula za jumla zitakusaidia: alkani CₙH₂ₙ₊₂, alkeni CₙH₂ₙ, alkaini CₙH₂ₙ₋₂, alkoholi CₙH₂ₙ₊₁OH.

*Pili, tafuta dalili mbaya.* Kurudi nyuma hakukamati kila kosa: 2-ethilipropani ukiichora inarudi sawasawa, C₅H₁₂, na bado jina si sahihi. Basi kagua haya kwa alkani zenye mnyororo wa kawaida:
– ukiona 1-methili, umekosea; hilo si tawi, ni mwisho wa mnyororo;
– ukiona 2-ethili, umekosea; mnyororo mrefu zaidi unapita kwenye hilo tawi;
– kama tawi ni moja na namba yake imevuka katikati ya mnyororo, kwa mfano 3-methilibutani, umehesabu kutoka upande usiofaa.

*Tatu, tumia jina kukamata isomeri zilizojirudia.* Swali likisema “chora isomeri zote za C₅H₁₂”, wengi huchora tano au sita. Ziko tatu tu: pentani, 2-methilibutani na 2,2-dimethilipropani. Nyingine ni zile zile zilizopindwa au kugeuzwa. Kila ukichora, andika jina chini yake. Majina mawili yakifanana, michoro hiyo ni kampaundi moja, futa mmoja.

Kama michoro bado inakuchanganya, finyanga vidonge vya udongo viwe kaboni na tumia njiti za kiberiti kama bondi. Zungusha mnyororo mkononi. Utaona mwenyewe kwamba kuupinda hakuzai kampaundi mpya.

Zoezi

Taja majina ya kampaundi 1 hadi 4, kisha jibu maswali 5 na 6.

1. CH₃–CH(CH₃)–CH₂–CH₂–CH₃
2. CH₃–CH₂–CH(C₂H₅)–CH₃
3. CH₃–CH₂–CH=CH–CH₃
4. CH₃–CH₂–COOH
5. Juma ameandika 1-methilipropani. Chora muundo wake, kisha toa jina sahihi.
6. Chora isomeri zote za C₆H₁₄ na uzipe majina.

Usisome majibu kabla ya kupitisha kila jina kwenye ukaguzi wa hapo juu. Ukiyatazama mapema utajua jibu, lakini hutajua kama ungeligundua kosa.

Majibu

1. 2-methilipentani.
2. 3-methilipentani, ukiwa umepata 2-ethilibutani, rudia Mfano wa 1.
3. Pent-2-eni, ukiwa umepata pent-3-eni, umehesabu kutoka kushoto.
4. Asidi ya propanoiki. Kaboni ya COOH ni sehemu ya mnyororo.
5. CH₃–CH₂–CH₂–CH₃, butani. Hakuna tawi lolote.
6. Ziko tano: heksani, 2-methilipentani, 3-methilipentani, 2,2-dimethilibutani na 2,3-dimethilibutani.

Ukikosa swali, usinakili jibu na kusonga mbele. Andika pembeni ni hatua ipi kati ya zile nne iliyokuangusha. Baada ya maswali ishirini hivi utaona kwamba makosa yako mengi yanatoka kwenye hatua moja au mbili tu, na hizo ndizo za kurudia kabla hujaingia chumba cha mtihani.