SOMO LA VIKUNDI: KOMPYUTA YA TAWI NA SIMU YA KATIBU – TUBADILI AU TUNGOJE?

Katika matawi mengi swali hili limefika mbele ya kamati. Kompyuta ya ofisi inaonyesha maandishi kwamba mfumo wake umekwisha muda. Katibu naye anasema simu yake imechoka. Fedha iliyopo ni ada yetu, iliyokatwa katika mshahara wa mchuma chai, mkata miwa na mwendesha mashine. Kwa hiyo jambo hili si la katibu peke yake. Tulielewe kwanza, ndipo tupige kura.

1. Mfumo ni kitu gani?

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni kama kiwanda chenye mashine lakini hakina msimamizi. Mfumo ndio unaopokea amri, unaogawa kazi, unaotunza ghala na kulinda mlango. Kompyuta nyingi za ofisi zinatumia Windows ya kampuni ya Microsoft. Simu nyingi zinatumia Android ya kampuni ya Google.

Kila mfumo una matundu. Mtengenezaji akiyagundua hutoa viraka vya kuyaziba, navyo huja kwa njia ya intaneti. Siku anapoacha kutoa viraka, mashine haizimiki. Inafanya kazi kama jana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Matundu mapya yanabaki wazi, na wezi wanayajua.

2. Hatari yake ni nini?

Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa. Mwezi Mei mwaka huo huo kirusi kiitwacho WannaCry kilipita katika tundu hilo. Kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikafunga mafaili na kudai fedha. Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu. Ufaransa viwanda vya magari vya Renault vilisimamisha kazi. Kiraka kilikuwako kwa miezi miwili, lakini mashine nyingi hazikuwa zimewekewa.

Sasa tufikiri juu ya kompyuta ya tawi. Ndani yake mna majina ya wanachama, namba zao za simu, hesabu za ada, na mafaili ya fidia ya walioumia kazini. Yakipotea, mjane atadai haki yake kwa ushahidi gani? Yakivuja kabla mwajiri hajakitambua chama, nani atafukuzwa kwanza? Tena sheria inatubana: Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022.

3. Njia zilizopo kwa kompyuta

Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na viraka vyake vya kawaida vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Iliyoifuata ni Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Mwenye Windows 10 halali hailipii, ila mashine lazima iwe na uwezo: kumbukumbu ya GB 4, ghala la GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazifiki hapo. Programu ya bure ya Microsoft, PC Health Check, itawaambia.

(a) Ikikubali, wekeni Windows 11. Msinunue mashine nyingine.

(b) Ikikataa, ijaribuni Linux, mfumo usiouzwa. Aina moja yake ni Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004. Inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, mkaona kama mashine ya kuchapa inaitika. LibreOffice, nayo ya bure, inafungua barua na majedwali ya hesabu. Lakini programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu huenda isifanye kazi, iulizieni kwanza.

(c) Njia zote mbili zikishindikana, ndipo mnunue mashine, hata iliyotumika, baada ya kuhakikisha dukani kwamba inakubali mfumo mpya.

Kabla ya lolote, nakilini mafaili yote mahali pawili, kisha fungueni nakala hizo kuona kama zinasomeka.

4. Simu

Tuulize kwanza: imeharibika, au tumeichoka? Simu nzito mara nyingi imejaa picha na video. Betri iliyochoka hubadilishwa kwa fundi.

Kama ni lazima kununua, tusitazame kamera. Tuulize viraka vitatolewa mpaka mwaka gani. Samsung Galaxy S24 na Google Pixel 8 ziliahidiwa miaka 7. Simu nyingi za bei ndogo huahidiwa michache zaidi. Miaka huhesabiwa tangu simu ilipotoka sokoni, si tangu siku ya kununua. Kwa simu iliyotumika, piga *#06# na ulinganishe namba na ile ya kwenye boksi.

Na mkopo? Tuseme simu ni shilingi 400,000 taslimu. Kwa mkopo ni 100,000 mkononi, halafu 1,500 kila siku kwa siku 365. Hiyo ni 547,500, jumla 647,500. Tena simu nyingi za mkopo hufungwa kwa mbali ukichelewa kulipa. Katibu hawezi kukosa simu siku ya mgomo.

Tukumbuke pia kobalti iliyomo katika betri nyingi za simu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na wachimbaji wa Kolwezi ni wafanyakazi kama sisi. Simu inayotunzwa mwaka mmoja zaidi si aibu.

5. Shauri letu

Nakala kwanza, kompyuta pili, simu tatu. Kompyuta imebeba haki za wote. Bei ziletwe kutoka maduka matatu, uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na kifaa kiingizwe katika daftari la mali ya tawi. Katibu akiondoka madarakani, kifaa na neno la siri vibaki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kompyuta ya tawi letu inatumia mfumo gani, na viraka vyake vinakoma lini?
2. Ikiibiwa usiku huu, kesho tutakuwa na nini mkononi?
3. Nani mwingine, zaidi ya katibu, anajua kuitumia?

Kikundi kisichoweza kujibu swali la pili kisinunue chochote kabla ya kutengeneza nakala.